UZI: Herini za matamvua ya ushanga, tushone wenyewe nyumbani (na mbona zako zinakakamaa)

Mtamvua_Amu

Asalaam aleikum jamani, wa Amu (Lamu), wa Malindi, wa Mombasa na nyote mlioko mbali. Kila mara naona mtu humu anatuma picha ya zile herini ndefu za ushanga zenye matamvua yanashuka mpaka karibu na bega, anauliza zinauzwa wapi na bei gani, na majibu yanayokuja ni ya Nairobi au ya kuagiza nje. Inaniuma wallahi, manake hiki ni kitu cha kushona nyumbani, mchana jua limewaka watu wamejifungia ndani, una sindano moja na sahani ya ushanga basi. Kwahivo nafungua uzi, ntaeleza ninavyofanya mimi, mwenye swali aulize na anayejua zaidi aongeze.

Nianze na lililo moyoni. Herini ya matamvua kazi yake ni kucheza. Ukigeuza kichwa ifuate, ukicheka itikisike. Ikikakamaa kama ufagio wa chelewa hata rangi ziwe nzuri vipi haipendezi sikioni. Nusu ya nitakayoandika hapa ni hilo tu, namna ya kuifanya ianguke vizuri.

Ushanga tafuta wa glasi, namba 11. Hizi namba zinaenda kinyume, namba ikipanda punje inakuwa ndogo, 11 ni kama milimita 2 hivi na namba 8 ni kama milimita 3. Wa plastiki achana nao kwa kazi hii, ni mwepesi mno, hauna uzito wa kuvuta tamvua liende chini. Ushanga mwingi unaouzwa Kenya, ule ule wanaotumia Wamasai na Wasamburu, unatoka Ucheki, upande wa mji wa Jablonec nad Nisou ambako wanatengeneza glasi tangu zamani. Kuna na wa Japani, wa kampuni za Miyuki na Toho, zote ziko mkoa wa Hiroshima, huo punje zake zimelingana sana na bei yake iko juu. Wa Ucheki unafaa kabisa ila uchambue. Mimi namimina kwenye sahani niliyotandika kipande cha blanketi (bila kitambaa punje zinaruka zikaingia chini ya kitanda umezikosa), alafu natoa zilizo nene sana, zilizo nyembamba kama kijisahani, na zenye tundu limeziba nusu. Usiruke hatua hii hata kama una haraka, punje moja nene katikati ya tamvua utaiona kila siku.

Sindano iwe ya ushanga, namba 10 au 12, ile ndefu nyembamba. Ya kushonea nguo haitapita, au itapita mara ya kwanza na kukwama ukirudi, na hapa kila punje unapita si chini ya mara mbili. Uzi uwe wa nailoni wa kushonea ushanga. Kata pima moja kwa kila herini, mikono ukiinyoosha yote miwili, utabakisha kidogo na si vibaya.

Sasa kushona. Sehemu ya juu ni pembetatu, chini yake ndo matamvua.

Anza na ngazi. Tia shanga mbili, acha mkia wa shubiri moja, rudisha sindano kwenye ule ushanga wa kwanza kwa upande ule ule ulioingilia mwanzo, vuta, utaona zinasimama ubavu kwa ubavu. Pita tena kwenye wa pili. Tia wa tatu, pita kwenye wa pili tena, alafu kwenye wa tatu, hivo hivo mpaka zifike 9. Zikifika rudi uzipitie zote mpaka ulikoanzia ili ngazi isilegee.

Geuza macho utazame ukingo wa juu wa hiyo ngazi. Kati ya kila ushanga na mwenzake kuna kidaraja cha uzi, vyote ni 8. Tia shanga mbili kwa pamoja, sindano ipite chini ya kidaraja cha pili, irudi juu kupitia ule ushanga wa pili, kisha ishuke kwenye wa kwanza na ipande tena kwenye wa pili, hapo zitatulia. Zinazofuata ni moja moja, ushanga mmoja, chini ya kidaraja kinachofuata, rudi juu kupitia ushanga huo huo. Safu hii itakuwa na 8, ya juu yake 7, zinapungua zenyewe mpaka unabaki na 2 kileleni. Kileleni tia shanga 6 ufanye kitanzi, kipite mara mbili au tatu manake hapo ndo kindoano (kile cha kuingia sikioni) kitapita na ndo panapochakaa kwanza. Mshono huu ni wa matofali, kila punje imekalia mpaka wa mbili zilizo chini yake, na kule Marekani wenyeji wa asili ni mabingwa wa herini za aina hii, mshono wenyewe watu wanauita pia kwa majina ya makabila yao, Comanche na Cheyenne.

Alafu ushushe uzi pembeni, punje kwa punje, mpaka utokee chini ya ushanga wa kwanza wa ile ngazi. Tamvua la kwanza tia shanga 15. Ule wa mwisho kabisa uruke, ushike na kucha, rudisha sindano kwenye zile 14, ingia kwenye ushanga wa ngazi uliotokea, panda juu, shuka kwenye wa pili. Tamvua la pili 17, la tatu 19, la nne 21, la katikati 23, kisha unarudi 21, 19, 17, 15. Ukijumlisha na pembetatu na kitanzi herini moja ni shanga 217, uzito kama gramu 2 tu, sikio halichoki hata ukivaa kutwa nzima.

Ukimaliza usifunge fundo kubwa nje. Mwisho wa uzi uupitishe ndani ya pembetatu, uzunguke zunguke punje kadhaa, fundo dogo moja kati ya punje mbili, pita tena, kata. Na ule mkia wa mwanzo vivyo hivyo.

Haya, maswali.

Kaskazi_Malindi

Waaleikum salaam dadangu, ahsante sana kwa kutoa elimu bure. Mimi niko Malindi na nshajaribu hizi kitu, pembetatu inatoka sawa kabisa lakini matamvua ndo shida, hayashuki. Yanajitupa huku na huku, mengine yanapinda kwenda nje, nikivaa yananichoma shingoni. Nimetumia mshipi wa kakangu anayevua, ule mwembamba mweupe unaopitisha mwanga, niliona hauonekani ndani ya shanga ndo nikaupenda. Je ni mshipi ama ni mkono wangu?

Mtamvua_Amu

Ni vyote viwili dadangu, na swali hili ndo lililonifanya nifungue uzi.

Tuanze na mshipi. Ule wa plastiki unakuja umezungushwa kwenye kigogo chake na unabaki na kumbukumbu ya ule mviringo, ukiukata unajikunja wenyewe. Ukiupitisha mara mbili ndani ya punje umejaza tundu, tamvua linakuwa na mfupa ndani. Unafaa shanga za shingoni za mstari mmoja, kwa matamvua hapana.

Pili mkono. Watu wengi wakirudisha sindano wanavuta uzi mpaka unalia, wanaona ndo kazi imara. Ushanga wa kwanza wa tamvua unabanwa kwenye ngazi, wa pili unabanwa kwenye wa kwanza, mpaka chini hakuna hata upenyo, na kitu kisicho na upenyo hakiwezi kupinda. Fanya hivi: ukisharudi juu, shika ule ushanga wa mwisho kwa vidole, vuta uzi taratibu mpaka punje zote zimegusana, ALAFU wachia kidogo. Kidogo kabisa, upana wa uzi wenyewe. Inua kazi ining'inie hewani uitikise. Tamvua likianguka wima na likacheza, endelea na la pili. Likisimama upande, chomeka ncha ya sindano chini ya ule ushanga wa mwisho uuvute chini polepole, uzi utakuja. Ukilegeza mno nako utaona uzi uchi kati ya ngazi na ushanga wa kwanza, hapo shika ule wa mwisho tena uvute uzi wa juu. Fanya hivo kila tamvua lenyewe kabla ya kuhamia la pili, manake ukishahamia ukitaka kurekebisha la nyuma utafumua mpaka la mbele.

Na zile zilizokwisha usizitupe. Kata mshipi kwa makasi juu ya sahani, ushanga wa glasi hauharibiki, unarudi kwenye mkebe.

Nakhodha_Mstaafu

Mimi ni mwanamume na herini sijui ila mshipi naujua, nimeushika toka utotoni. Anayosema bibie ni kweli. Mshipi wa nailoni wa uzi mmoja ukikaa juani unakauka na kuwa mkavu, unakatika bila kukuaga, sisi tunabadilisha kabla haujatuangusha na samaki. Sasa ukiweka kwenye herini ya kuvaliwa pwani kwenye jua hili si utapukutika siku moja njiani. Lakini kuna ule mshipi wa kusukwa, nyuzi nyembamba nyingi zimesukwa pamoja, huo ni laini haujikunji na ni mgumu kukata, hata makasi ya kawaida yanateleza. Je huo unafaa?

Mtamvua_Amu

Kaka umenifurahisha, huo ndo wenyewe. Kule nje washonaji wengi wanatumia mshipi wa kusukwa ule mwembamba wa ratili 6 (ndo uzito unaobeba bila kukatika), chapa ya FireLine wanaipenda sana, manake kingo za glasi haziukati haraka. Ukipata mwembamba kiasi hicho nunua. Mnene haupiti. Tatizo lake ni rangi, mwingi ni kijivu au kijani kiza, kwa hivyo kwa shanga za kupitisha mwanga utaonekana ndani, hapo rudi kwenye nailoni ya rangi inayokaribiana na ushanga. Pamba usitumie kabisa, huku kwetu na huu unyevu na jasho inaoza.

Bi_Langoni

Mashallah mwanangu. Nimesoma yote nikakumbuka bibi zetu na majasi yao masikioni, sikio lilikuwa linapambwa kweli kweli si kitundu kimoja kama sasa. Nafurahi kuona nyinyi vijana mwashona kwa mikono yenu. Lakini mato yangu mwanangu, mato! Namba 11 siioni tena, hata kutunga uzi kwenye sindano naita mjukuu. Hakuna namna ya sisi wazee?

Mtamvua_Amu

Shikamoo bi. Ipo, tena nzuri. Chukua namba 8, ni kubwa na tundu lake ni pana. Badala ya ngazi ya 9 fanya ya 7, na matamvua yawe 9, 11, 13, 15, 13, 11, 9. Ukubwa wa herini unatoka karibu sawa na ile ya namba 11, na kazi ni nusu. Ila ni nzito kidogo na haichezi laini vile.

Kuhusu mato bi, kaa mlangoni au kwenye daka asubuhi jua halijapanda, mwanga utokee upande wa mkono usioshika sindano ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Ushanga mweusi na buluu kiza usishone usiku hata na taa nzuri. Na kutunga sindano, bana uzi kati ya vidole ubaki ncha tu inachungulia, alafu lete tundu la sindano kwenye uzi, usipeleke uzi kwenye sindano. Ncha ukiipitisha kwenye nta ya mshumaa inanyooka haifumuki.

BintiShela

Mi nauza hizi kwa wageni huku Shela kwahivo niongeze la rangi na la bei.

Rangi kwanza. Kuna ushanga umepakwa rangi juu tu, hasa pinki na zambarau, unang'aa dukani alafu baada ya jua na jasho unakuwa mweupe mchafu. Pia ule wa dhahabu unaometa sana, rangi inakwanguka ikabaki glasi tupu. Kabla hujashona chukua punje chache usugue na pamba yenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, ikitoka rangi kwenye pamba ujue. Na nyingine ziache dirishani jua liwakie wiki moja mbili, ulinganishe na zilizokuwa mkebeni.

Bei sasa. Jamani tuache kujiuza rahisi. Mgeni anashuka boti Shela anaona herini anasema bei ya mtaani, na sisi tunakubali manake tunaogopa ataenda kwa mwenzetu, mwenzetu naye anashusha. Nimewahi kuacha herini kwenye duka moja la wageni, wakaziuza bei mara tatu ya niliyowapa, na pesa yangu nikaifuata mpaka viatu vikaisha. Hesabu yangu sasa ni hii, vifaa vyote mpaka uzi na kindoano, juu yake saa zangu kwa bei ambayo ningelipwa nikienda kufanya kibarua, alafu ndo faida. Mfano tu, vifaa vikiwa shilingi 150, umeshona saa 5 na saa yako umeiwekea 100, hapo ni 650 bado hujapata faida. Mtu akitaka kwa 300 mwambie ukweli kwamba ukitoa vifaa, saa zako 5 zote anazilipa 150 tu.

Mtamvua_Amu

Shoga umesema kweli tupu. Na hizi kazi za mkono wa pwani hazitajwi sana hata serikalini, ule mradi wa Ushanga Kenya uliozinduliwa 2017 ulilenga kaunti saba za wafugaji, Kajiado, Narok, Samburu, Turkana na wenzao. Ni haki yao, ushanga ni wao toka zamani na kina mama wa kule walikuwa wanapunjwa na madalali. Lakini na huku wapo wanaoshona. Tushikane wenyewe kwenye bei basi, angalau tuwe na bei ya chini ambayo hakuna anayeshuka.

Mama_Watamu

Habari zenu. Shida yangu mimi ni masikio. Nikivaa herini za duka siku moja tu, tundu linawasha, linavimba, linatoa maji. Nikivaa dhahabu ya harusi yangu hakuna shida. Sasa nikijishonea hizi si itakuwa yale yale? Na hivo vindoano nikinunua vinapata kutu upesi, sijui ni hewa ya bahari.

Mtamvua_Amu

Pole sana mamangu. Ushanga wenyewe hauna kosa, ni kindoano. Vingi vya bei rahisi vina nikeli ndani au chini ya ile rangi ya juu, na nikeli ndo inayowasha watu wengi masikioni. Rangi ikishakwanguka jasho linagusana na chuma chenyewe, inaanza kuwasha na kutu inaingia, na huku kwetu hewa ina chumvi mwaka mzima kwahivo inakuja mapema.

Mimi vindoano naenda kwa sonara. Amu tuna masonara wa fedha mjini, wale wanaotengeneza pete za vigae vya sahani za kale, mtu anapita kila siku lakini hafikirii kumpa kazi ndogo. Mwambie akukatie waya wa fedha 925 wa unene wa milimita 0.8 hivi, akukunjie vindoano, ncha aisugue iwe laini isikwaruze. Hiyo 925 maana yake kwenye sehemu 1000 fedha ni 925, inayobaki mara nyingi ni shaba. Itakuwa nyeusi kidogo na hewa ya bahari, lakini hiyo si kutu, unaisugua kwa kitambaa inarudi. Malindi na Mombasa masonara wapo pia. Ni ghali kuliko vya paketi, ila kindoano cha fedha unakihamisha, herini ikichakaa unafungua kitanzi unatia kwenye nyingine. Ukikifungua usikipanue kushoto na kulia, pindua kwa koleo upande mmoja uende mbele, ukifunga urudishe, ukipanua kinachoka kikavunjika.

Kama sikio sasa hivi linatoa maji usivae chochote mpaka lipone kabisa, na lisipopona nenda ukaonyeshe kituo cha afya.

Mkunguni254

Mi ni kijana tu nataka kumshonea mchumba wangu kabla ya mfungo. Hii ya matofali nimesoma mara tatu sijaelewa vidaraja. Hakuna ya mkato?

Mtamvua_Amu

Ipo mdogo wangu. Tafuta pete ya waya, ile herini ya duara, funga uzi, tia shanga 20, ruka wa mwisho, rudi mpaka juu, zungusha uzi kwenye waya mara moja, tamvua linalofuata. Kati ya tamvua na tamvua tia ushanga mmoja kwenye waya ili yasisukumane. Kanuni ya kulegeza ni ile ile. Atapenda inshallah.

Lakini vidaraja usiviogope. Shona ngazi alafu ishike dhidi ya mwanga, utaviona vyenyewe, na mkono wako utaelewa kabla ya kichwa.

Kaskazi_Malindi

Nimerudi! Nimebadilisha uzi nikafanya ile ya kuwachia kidogo na wallahi zinacheza, mamangu ameniambia nimshonee na yeye. Sasa lingine, herini ya kwanza na ya pili hazilingani. Hesabu ni ile ile 15 mpaka 23, nimehesabu mpaka kichwa kinauma, lakini moja ni ndefu. Na pia nilitaka kutia zile shanga ndefu kama vibomba, zimenikatia uzi mara mbili.

Mtamvua_Amu

Hongera mamii! Hesabu inadanganya kama punje hazilingani. Punje za Ucheki zikizidiana nywele moja tu, mara 23 unapata tofauti ya kuonekana. Ndo maana usishone herini moja mpaka mwisho alafu uanze nyingine. Shona zote mbili pamoja. Pembetatu ya hii, pembetatu ya ile. Tamvua la katikati la hii, la katikati la ile, uzilaze sambamba uone, ikizidi badilisha punje moja nene kwa nyembamba kabla hujasonga. Na mimina ushanga wa kazi yote siku moja kutoka paketi moja, paketi ya pili ya rangi ile ile huwa haifanani kabisa, utaona mkiwa juani.

Vibomba kingo zake ni kali, zimekatwa tu hazijalainishwa. Kila kibomba kiweke kati ya punje mbili za kawaida, moja juu moja chini, uzi usipindie kwenye ukingo wake. Na kimoja kimoja uchague, chenye mdomo uliovunjika tupa.

BintiShela

Ongezea na la manukato. Wateja wangu wa hapa, si wageni, wanavaa herini alafu ndo wanajifukiza udi na kujipulizia. Mafuta yanaingia kwenye ushanga wa kupakwa rangi, unafifia, na uzi unashika uchafu.

Mtamvua_Amu

Kweli kabisa. Udi kwanza, mafuta na pafyumu, zikauke, alafu herini ndo ziwe za mwisho. Ukivua futa na kitambaa kikavu, usiloweke. Na usizirushe kwenye kikapu pamoja na mtandio na vibanio. Zilaze kwenye kijikebe bapa, au uzitundike kwenye kitambaa kilichotandazwa, matamvua yashuke. Ukisafiri kwenda Mokowe kwa boti na upepo wa kusi vile, vua au zifunike na mtandio, upepo unayasokota matamvua yanafungana na nyuzi za mtandio ukivuta umekata. Yakishafungana usivute, yalaze mezani uyatenganishe kwa ncha ya sindano kuanzia chini kwenda juu.

Bi_Langoni

Mjukuu amenitungia uzi. Naanza yeo. Mwanangu nipe mpango wa rangi za kisutu, nyekundu nyeusi nyeupe, nina harusi ya mtoto wa dadangu na leso yangu ni kisutu.

Mtamvua_Amu

Bi umenipa kazi tamu. Hii ni ya namba 11 ya matamvua 9, mjukuu akushonee, alafu chini ntakuwekea ya namba 8 ya kwako.

Pembetatu yote na kitanzi, nyekundu. Kila tamvua linaanza nyeupe, linafuata nyeusi 4, linamalizia nyekundu 6 pamoja na ule wa kuruka. Nyeusi na nyekundu hazibadiliki, inayobadilika ni nyeupe tu, 5 kwenye la kwanza, alafu 7, 9, 11, la katikati 13, kisha 11, 9, 7, 5. Ukimaliza utaona mstari mweusi unashuka mpaka katikati na kupanda tena, unafuata ncha za matamvua. Kwa jozi nzima unahitaji nyekundu 208, nyeusi 72, nyeupe 154, na ongeza kidogo za kutupa kwenye kuchambua.

Ya namba 8 ngazi ni 7, pembetatu na kitanzi nyekundu vivyo hivyo, kila tamvua nyeusi 2 na nyekundu 4 mwishoni, nyeupe 3, 5, 7, 9, 7, 5, 3. Uzi nyeupe, manake nyeupe ndo inayoonyesha kilichomo ndani. Na nyekundu yako bi isugue na ile pamba kwanza kabla ya kuanza, isije ikachujuka kwenye leso siku ya harusi.

Bi_Langoni

Nimesugua, haitoki. Natunga.